Kati ya Leseni na Ripoti: Daftari la Maabara katika Utafiti wa Nairobi



Mtafiti anayetaka kuchukua damu ya watu, kamasi ya ng'ombe au tope la ziwani na kulifanyia kazi katika maabara ya jiji hili hubisha hodi katika afisi nyingi kabla hajafungua chupa hata moja. Huanzia kwenye kamati ya maadili ya taasisi yake. Akitoka hapo huomba leseni ya NACOSTI, Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, iliyo Upper Kabete kando ya Waiyaki Way, ambayo mamlaka yake yanatokana na sheria ya mwaka 2013. Ikiwa anajaribu dawa au chanjo kwa binadamu, njia yake inapitia kwenye Bodi ya Dawa na Sumu. Ikiwa anachukua kiumbe, hata kijidudu kisichoonekana kwa macho, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira ina kanuni za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki na mgao wa faida. Na kiumbe hicho kikitoka hifadhini, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nalo lina neno lake. Habari za watu zikiguswa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Kamishna wake. Sampuli ikivuka mpaka, kuna mkataba wa kuihamisha. Simlaumu anayenung'unika, ingawa wingi wa afisi hizo sio mada yangu.

Mada yangu ni pengo. Afisi zote hizo humuuliza mtafiti anakusudia kufanya nini, kisha humngoja alete ripoti ya alichokipata. Katikati hapo kuna miezi kumi na minane, pengine miaka mitano, ambamo kazi yenyewe inafanyika, na ambamo ni nadra afisa kuona lolote. Sheria husimama mlangoni. Chumbani limebaki daftari peke yake. Hoja yangu basi ni hii: utiifu wa kanuni katika utafiti huthibitishwa au hukanushwa ndani ya daftari la maabara, si ndani ya faili la vibali. Daftari la karatasi, kwa jinsi tunavyofanya kazi leo, halibebi tena mzigo huo. La kielektroniki linaweza kuubeba, lakini kwa masharti ambayo taasisi zetu huyasahau wakati wa kununua.

Nikisema daftari la kielektroniki simaanishi faili ya Word kwenye laptopu ya mwanafunzi, wala jedwali la Excel linalozungushwa kwa barua pepe, na hasa simaanishi kundi la WhatsApp ambamo picha za jeli hutumwa saa tano usiku na kujibiwa kwa vidole gumba. Namaanisha mfumo ambamo kila mtu huingia kwa jina lake na neno lake la siri. Ambamo tarehe na saa huwekwa na seva, si na mwandishi. Ambamo kusahihisha hakufuti, kwa kuwa neno la zamani hubaki kando ya jipya pamoja na jina la aliyebadilisha na sababu yake. Na ambamo ukurasa ukishatiwa sahihi hufungwa. Mfumo usio na mambo hayo manne ni kompyuta tu.

Tuanze na ushahidi unaowapa haki watetezi wa karatasi, kwa sababu upo, tena ni mzito. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika maabara ya mifugo ya Kabete, vilitengwa virusi vya sotoka vilivyokuja kujulikana kama Kabete O. Miongo kadhaa baadaye, katika kituo cha Muguga, mwendo mfupi magharibi mwa Kabete, Walter Plowright na R. D. Ferris walivikuza virusi hivyo ndani ya seli za figo za ndama. Walivihamisha kutoka chupa hadi chupa, mpito baada ya mpito, mpaka kufikia takriban mpito wa 90 vilikuwa vimepoteza nguvu ya kumtia ng'ombe ugonjwa bila kupoteza nguvu ya kumkinga. Chanjo hiyo ndiyo iliyobeba kampeni za Afrika na Asia. Plowright akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kuwa sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili kutoweka hivyo baada ya ndui. Sasa fikiria chupa mbili, moja ya mpito wa mapema na nyingine ya mpito wa 90. Kwa macho hazina tofauti: maji maji ya rangi ileile, kizibo kilekile. Tofauti kati ya chupa inayookoa ng'ombe na chupa inayoweza kumuua iko kwenye maandishi. Mtu alilazimika kuandika, kila mara, siku gani, kutoka chupa ipi, kwa mkono wa nani. Waliandika kwa kalamu, na ikafaa.

Ilifaa kwa sababu ambazo hazipo tena. Kituo kilikuwa kimoja, lengo moja, watu wachache waliokaa kazini miaka mingi, na kila kilichohitaji kuhifadhiwa kiliweza kuingia kwenye ukurasa. Leo, katika maabara za Chiromo au za Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo kule Kabete, mwanafunzi wa uzamili hufanya kazi miaka miwili kisha huondoka. Sampuli yake huchukuliwa Turkana, husafishwa Nairobi na kusomwa jeni zake Ulaya, na mashine moja ya kusoma jeni humwaga kwa usiku mmoja data nyingi kuliko kabati zima la madaftari. Hazibandikwi kwa gundi. Kwa hiyo daftari la karatasi huishia kuandikwa "tazama faili kwenye kompyuta", na tangu hapo si kumbukumbu tena bali fahirisi ya vitu visivyomo ndani yake: kompyuta yenyewe imehamishwa, faili imebadilishwa jina, mwenyewe amepata kazi Kigali.

Na hata historia ya sotoka ina sura ya pili. Baada ya 2011 liliulizwa swali ambalo halikuwa la lazima kabla ya hapo: virusi vilivyosalia viko wapi? Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani yalizitaka nchi zipekue friza zake, ziorodheshe, kisha ziteketeze au zihamishie akiba kwenye vituo vilivyoidhinishwa. Aliyewahi kufungua friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri iliyorithiwa na vizazi vitatu vya watafiti anajua ugumu wa agizo hilo. Barafu imeshikamana na masanduku, wino wa kalamu ya alama umefutika, vibandiko vimeanguka vikarundikana chini, na herufi za kwanza za jina la mtu hazimkumbushi yeyote mtu. Kanuni ilitungwa baada ya sampuli kuwekwa. Ndivyo kanuni nyingi zinavyokuja, na daftari zuri ni lile linaloweza kujibu swali ambalo halikuwa limeulizwa siku lilipoandikwa.

Ziwa Bogoria linatoa somo lilelile kwa upande wa mali. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walikusanya vijidudu kwenye maji yake ya moto yenye magadi. Baadaye vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya maziwa ya magadi ya namna hiyo viliingia kwenye biashara, kwenye sabuni za kufulia na katika kuipa jinzi sura ya kuchakaa, mikononi mwa kampuni ya Genencor. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilidai haki ya Kenya. Watafiti wakasema walikuwa na ruhusa ya serikali. Mzozo ule hufundishwa kama kisa cha wizi wa rasilimali, na huenda ni sahihi kuuita hivyo. Lakini tazama aina ya ushahidi uliokuwa ukitafutwa. Kibali, hata kingekuwepo mezani kikiwa na mihuri yote, kingesema tu kwamba mtu aliruhusiwa kuchota tope. Kisingesema tope lile lilizaa kijidudu gani, kijidudu kikazaa kimeng'enya kipi, na kimeng'enya kikafika kiwanda gani. Mnyororo huo huandikwa maabarani, na maabara haikuwa yetu. Mwaka 2007 shirika hilo la wanyamapori lilitia sahihi makubaliano na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, na hapo faida ya nchi ilizungumzwa mapema. Hata hivyo makubaliano ya namna hiyo hayafai kitu ikiwa upande mmoja tu ndio unaoweza kuonyesha sampuli namba fulani ilikwenda wapi.

Kisa cha tatu kiko karibu zaidi na hapa mjini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Oxford, kwa ufadhili wa shirika la IAVI, walitengeneza chanjo ya majaribio dhidi ya aina A ya virusi vya Ukimwi, aina iliyoenea nchini. Wazo lilitiwa nguvu na uchunguzi wa miaka mingi wa wanawake wa Majengo, Pumwani, ambao baadhi yao walikutana na virusi mara nyingi wasiambukizwe. Mwaka 2000 ikajulikana kwamba ombi la hataza lilikuwa limewekwa Uingereza bila Wanairobi kutajwa. Malalamiko yakawa ya hadharani, mazungumzo yakafanyika, umiliki ukaja kugawanywa. Chanjo yenyewe haikufaulu, kwa hiyo pesa hazikugombaniwa mwishowe. Swali likabaki: mchango wa kiakili unathibitishwaje? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwaambia wafanyabiashara, ila hataza ni mali vilevile, na jina la mvumbuzi haliwekwi kwa heshima wala kwa umri wa urafiki bali kwa kuonyesha nani alikuja na lipi, siku gani. Katika ushirikiano ambamo mmoja ana ofisi nzima ya hataza na mwingine ana kabati la chuma, aliye na kumbukumbu zilizopangwa ndiye anayeweka masharti ya mazungumzo.

Mwanasheria ataniwahi hapa: siku hizi hataza hupewa aliyetangulia kuwasilisha ombi, si aliyetangulia kuvumbua, hata Marekani ilihamia huko Machi 2013. Ni kweli, na thamani ya zamani ya daftari kama silaha ya kugombania utangulizi imepungua. Haijapungua thamani yake katika swali la nani ni mvumbuzi. Ombi likiwasilishwa mapema kwa majina pungufu linabaki kuwa na majina pungufu.

Nishuke sasa hadi mezani, kwenye kitendo kidogo. Mtu anapima dawa ya unga ili kulinganisha tembe za dukani na kiwango. Mizani inaonyesha gramu 0.2503 na kutoa kikaratasi kama cha risiti ya supamaketi. Anakibandika daftarini, anatia sahihi nusu juu ya kikaratasi na nusu juu ya ukurasa. Mpaka hapo ni utaratibu mzuri kabisa. Lakini kikaratasi hicho ni cha joto, kisichotumia wino. Miaka michache kabatini huwa cheupe, ndiyo maana mwenye uzoefu hukitoa nakala kwanza. Jioni anagundua alinakili 0.2530 kwenye hesabu. Kanuni inamwambia apige mstari mmoja, aache kosa lisomeke, aandike sahihi na tarehe kando. Hufanya hivyo akiwa na nafasi. Akiwa amechoka, ukurasa "huandikwa upya ili uwe safi", na wa kwanza hutupwa. Mkaguzi anayejua kazi yake huuogopa ukurasa safi. Huiogopa pia ile karatasi ya mlango wa friza, yenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, inayosomeka -80, -80, -80, asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu, mwandiko mmoja na wino mmoja mwezi mzima. Friza halisi hupanda na kushuka. Katika mfumo wa kielektroniki mizani yenyewe hupeleka 0.2503 kwenye ukurasa, kipimajoto hujiandikia kila baada ya dakika chache, na marekebisho ya hesabu huonekana yote mawili, la jana na la leo. Mtu hajawa mwaminifu zaidi kuliko alivyokuwa. Amepunguziwa nafasi ambamo uchovu hugeuka uongo.

Hilo ndilo kanuni za dunia zinalolitaka, na zimelitaka kwa muda mrefu. Mapema katika miaka ya 1990 wakaguzi wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani walikuwa wamelifupisha kwa herufi tano, ALCOA: ijulikane nani aliandika, isomeke, iandikwe tendo linapofanyika, iwe ya asili, si nakala iliyopambwa, iwe sahihi. Mwaka 1997 mamlaka hiyo ilitoa kanuni ya kumbukumbu na sahihi za kielektroniki inayoitwa Part 11. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wake wa uadilifu wa data, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2021. Hakuna hata moja kati ya kanuni hizo inayoamuru maabara iache karatasi. Zinasema ukitumia kompyuta, ithibitishe. Taasisi za Afya za Kitaifa za Marekani zilikwenda mbele zaidi, zikazitaka maabara zake za ndani zote zihamie daftari la kielektroniki kufikia tarehe 30 Juni 2024, na kwa kuwa miradi mingi ya hapa hushirikiana na Wamarekani, si ajabu wimbi hilo likafika maabara za Mbagathi na Upper Hill kwa njia ya mikataba ya ruzuku kabla ya kufika kwa njia ya Bunge letu.

Wengine hudhani haya ni masuala ya wenye viwanda. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani liliondoa dawa kadhaa za kupunguza makali ya Ukimwi za kampuni ya Ranbaxy ya India kwenye orodha yake ya dawa zilizohakikiwa, kwa sababu kumbukumbu za tafiti za ulinganifu zilizofanywa na maabara ya kukodi hazikukidhi viwango. Orodha ile ni ya nchi kama yetu. Ndiyo inayoongoza ununuzi wa msaada. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani katika kesi iliyohusu pia data za uongo, ikalipa dola milioni 500. Karatasi hazikukosekana huko. Kilichokosekana ni karatasi ambayo mtu wa nje angeweza kuifuata nyuma hadi kwenye mashine na siku.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni kwamba mdanganyifu atadanganya kwa kompyuta kama alivyodanganya kwa kalamu. Barua za onyo za wakaguzi wa Marekani katika miaka ya 2010 zimejaa visa hivyo: saa ya kompyuta iliyorudishwa nyuma, faili za kromatografia zilizofutwa, maabara nzima kutumia jina moja la kuingilia. Tusijifanye wageni wa hilo la mwisho. Kompyuta ya mashine ya pamoja huwashwa asubuhi kwa jina la "lab", neno la siri limebandikwa kwenye kioo, na wote hupita humo mpaka jioni. Mfumo wa namna hiyo ni mbaya kuliko karatasi, kwa kuwa mwandiko angalau ungemtaja mwenyewe. Jibu langu halitegemei tabia njema. Zipo programu zinazopiga hesabu juu ya ukurasa uliofungwa na kupata mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu, ambao hubadilika wote hata nukta moja ikiguswa. Mfuatano huo, bila ukurasa wenyewe, hupelekwa kwa mtunza saa aliye nje ya taasisi, naye huutia muhuri wa muda. Baada ya hapo mkurugenzi, fundi wa seva na mwandishi wakikubaliana wote watatu kubadilisha matokeo ya Machi, ukurasa hautalingana tena na muhuri. Mwongo wa karatasi huhitaji kalamu. Huyu wa pili analazimika kusema uongo siku ileile ya kazi, kabla hajajua ni uongo gani utakaomfaa.

Na tusiitazame saa ya nje kama mtego wa wezi tu. Mtafiti Thereza Imanishi-Kari alishtakiwa huko Marekani kwa kughushi data za makala ya mwaka 1986, na madaftari yake yakapelekwa kwa wataalamu wa Secret Service, watu wa kuchunguza noti bandia, walinganishe wino na karatasi za mashine ili wakisie tarehe. Aliondolewa hatia mwaka 1996. Miaka kumi! Daftari lisiloweza kujitolea ushahidi wa tarehe halimlindi asiye na kosa. Sisi tuna kumbukumbu ya Kemron, dawa ya Ukimwi iliyotangazwa kwa shangwe na taasisi ya utafiti wa kitiba mwaka 1990, Rais akiwa mbele, na ambayo majaribio ya baadaye kwingineko hayakuona faida yake. Kwa maoni yangu hasara kubwa ya wakati ule ilikuwa kwamba ubishi uligeuzwa kuwa wa heshima ya taifa, na kudai data ghafi kukaonekana kama uadui. Pale ambapo kufungua daftari ni utaratibu wa kawaida wa kila mradi, anayeomba kulifungua hamtusi mtu.

Pingamizi la pili ni umeme na intaneti. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ililala gizani, na Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika kusini, mawasiliano ya Afrika Mashariki yalizorota kwa siku kadhaa. Hiyo ni hoja dhidi ya kuliweka daftari kwenye seva za Virginia au Dublin; si hoja dhidi ya daftari lenyewe. Seva iliyo ndani ya jengo, yenye betri na nakala yake katika mtandao wa vyuo wa KENET, ambao makao yake yako Chuo Kikuu cha Nairobi, huendelea kufanya kazi hata bahari ikinyamaza. Kuwa na seva nchini kunapunguza pia kazi ya kuthibitisha, chini ya sheria ya 2019, kwamba data nyeti za afya zinazovuka mpaka zina ulinzi wa kutosha.

La tatu ni gharama. Programu kama eLabFTW, iliyoanzishwa Institut Curie mjini Paris mwaka 2012, ni huria na haina ada ya leseni. Leseni ni bure, fundi si bure. Kuna mtu wa kuisasisha, wa kuhakiki kwamba inafanya inachodai, wa kuandika hati za uhakiki huo, na wa kumfundisha kila mgeni. Na huyo hulipwa mshahara mwezi hadi mwezi, hata ruzuku ikiisha. Taasisi zetu hupenda kununua vifaa na huona tabu kuajiri mtu. Maabara isiyo na pesa ya mtu huyo ni afadhali ibaki na karatasi, iiboreshe: kurasa zenye namba, hakuna kuchana, shahidi wa kutia sahihi kila wiki. Nasema hivyo nikijua kwamba hoja yangu inapungua upana.

Yako mawili ya kisheria ambayo husemwa nusu nusu. Wengine hudai mahakama zetu hazitambui maandishi ya kompyuta. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inayatambua, ila huja na sharti la cheti kinachoeleza rekodi ilivyotolewa na kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Anayesimamia seva ndiye atakayekiandika, kwa hiyo ajulikane mapema ni nani. Wengine huuliza: mshiriki wa utafiti ana haki ya kuomba data zake zifutwe, na daftari lenu halifuti kitu, mtafanyaje? Mgongano huo ni wa kweli pale tu jina la mgonjwa limeingia daftarini, nalo halikupaswa kuingia. Daftari libebe namba ya sampuli. Ufunguo unaounganisha namba na mtu ukae mahali pengine, kwa mwenye dhamana nyingine, na ukiteketezwa huo, kurasa hubaki zilivyo huku mtu ametoka.

Kuna hofu moja ambayo watafiti vijana huisema pembeni na ambayo naiona ina haki kuliko zote nilizozitaja: kwamba mfumo unaoandika dakika ya kila tendo utakuwa fimbo ya msimamizi. Nani aliingia saa tatu na nusu, nani hakuandika lolote Ijumaa. Ni rahisi sana kuutumia hivyo, na palipo na fimbo watu hujifunza kuandika cha kumridhisha mshika fimbo, tukarudi kwenye -80, -80, -80. Kanuni za ndani lazima ziseme wazi kwamba historia ya marekebisho hufunguliwa kwa swali kuhusu matokeo, wala haifunguliwi kwa tathmini ya kazi, na kwamba mwanafunzi anapoondoka anaondoka na nakala ya kurasa zake zilizotiwa muhuri. Sharti hili la pili litapingwa na wakubwa. Ndilo litakalowafanya wadogo waandike.

NACOSTI inaweza kusogeza jambo hili bila sheria mpya na bila kuongeza afisi. Fomu ya leseni iongezwe swali moja lenye sehemu tatu: daftari la mradi litakuwa wapi, nani atakuwa na mamlaka juu ya seva yake, na litahifadhiwa mpaka mwaka gani. Ripoti ya mwisho itaje namba za kurasa zilizozaa kila jedwali. Katika mikataba ya kuhamisha sampuli, mshirika wa Nairobi adai haki ya kusoma kurasa zinazohusu sampuli hizo huko zilikokwenda, kwa muda wote zitakapokuwa hai au kuzaa kitu. Mshirika wa kweli hatakataa, na akikataa tutakuwa tumejua mapema.

Yanabaki madaftari ya karatasi yaliyokwisha kuandikwa, kabati baada ya kabati, kuanzia Kabete na Muguga hadi Chiromo. Kuyapiga picha hakuyapi saa wala muhuri wa siku yalipoandikwa. Huyapa tu muhuri wa siku yalipopigwa picha, na hilo lisemwe wazi kwenye kila nakala. Hakuna taasisi itakayopata pesa za kuyapiga picha yote, kwa hiyo itabidi kuchagua, na wa kuchagua wasiwe wanahistoria peke yao. Yaanze yale ambayo sampuli zake bado zimo kwenye friza na ambayo walioyaandika wangali hai, wanapokea simu, na wanaweza kutuambia KB/M/14 ilikuwa sampuli ya nani.